Ukuta Uliovuliwa Kofia

Nalijua jiko la yule bibi kuliko ninavyolijua jiko la mke wangu. Mapazia ya njano yenye maua ya bluu. Meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, ambao ulitiwa kitabu cha nyimbo chini yake ili isiyumbe. Keki za tufaha zinapoa dirishani, na nje ya dirisha theluji. Theluji sijaiona hadi leo, lakini niulize habari za theluji ya dirisha lile, nitakusimulia mpaka meno yako yagongane.

Bibi mwenyewe sikumjua. Alikuwa mjane wa huko ng'ambo, alikufa zamani, na ndiye aliyeanzisha shirika la misheni ambalo miaka ya tisini lilitufikia Mpanda na gari lake jeupe, projekta yake na jenereta yake. Kila mahali shirika lilipokwenda, lilianza kwa kusimulia lilivyozaliwa na lilivyokua. Na kila liliposimulia, iwe Mpanda mjini, Katumba, Mamba au Ikola ziwani, aliyetafsiri kwa Kiswahili ni mimi. Nimelitafsiri jiko lile mara elfu kumi. Mke wangu anasema hazifiki hata hamsini, lakini yeye hakuwa anasimama pale mbele na koo lake.

Nina hasira na historia ile. Nasema mapema, ili anayependa kumbukumbu za asali tupu aende kwa baba yangu, aliyekuwa mrina asali. Kucheka nitacheka, ndiyo maumbile yangu. Hata msibani huwa wananitoa nje. Lakini hii nacheka huku nimekunja ngumi.

Kiingereza nilikipata shule ya jioni, nikiwa mtu mzima mwenye mke na ndevu. Mchana nilikuwa mpakiaji stesheni: magunia ya mpunga kutoka Mamba, marobota ya tumbaku, yote yapande behewa yaende Tabora. Jioni nimekoga, nimevaa shati langu la pekee, naenda kukaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yako masikioni, karabai inaunguruma juu ya kichwa. Siku ya kwanza tulijaa mpaka madirishani. Tuliofika kwenye mtihani tungeenea kwenye baiskeli moja. Nilipofaulu, baba alitangaza kilabuni kwamba kuanzia sasa Wazungu wote wakija Mpanda wapitie kwa mwanawe kwanza awapangie zamu.

Na kweli mmoja alipita. Alikuwa mwakilishi wa shirika, mwanaume mrefu, masikio mekundu kwa jua, mpole. Niseme wazi kwamba alikuwa mpole. Angekuwa mkorofi nisingeandika haya, maana mkorofi unamsahau.

Historia aliyoisimulia ilikwenda hivi. Siku moja ya baridi yule bibi mjane alitumiwa picha. Ilikuwa picha ya kanisa la Afrika, kuta zimesimama, paa hakuna, waumini wako ndani wameinua nyuso, mvua inawapiga machoni. Bibi akaiweka mezani, akalia mpaka chai ikapoa. Akaita majirani zake, wanawake watupu. Wakaoka keki, wakauza, wakanunua bati la kwanza. Slaidi inayofuata: jiko limekuwa dogo, wamehamia gereji ya gari. Inayofuata: gereji imekuwa ndogo, wamepanga ofisi. Halafu jengo la ghorofa lenye kibao. Halafu ramani ya Afrika imechomwa pini mpaka unaionea huruma. Halafu ndege ndogo, rubani anapunga mkono. Na kanisa lile lisilo na paa wameliwekea fremu, limetundikwa mlangoni mwa makao makuu, kila mfanyakazi anapita chini yake asubuhi.

Safari ya kwanza niliitafsiri huku machozi yananilenga, sitaki kusema uongo. Safari ya pili nikamuuliza mwakilishi, "Kanisa lile la kwenye picha liko wapi?"

Akakuna sikio. "Afrika," akasema.

"Afrika wapi?"

"Nadhani... sehemu yenye mvua."

"Na wale watu? Walipata hilo bati la kwanza?"

Akaniangalia kama vile nimemuuliza jina la mbwa wa Farao. Hakujua. Shirika zima, na ghorofa lake na ndege yake, mguu mfupi wa meza walikuwa wanaujua, ila watu waliolowa hawakuwajua.

Sasa nikupeleke kwetu. Kanisa letu halikuanzishwa na shirika. Lilianzishwa na mama yangu na wanawake wenzake, kwenye bani kuukuu la kukaushia tumbaku, ambamo ukiimba ubeti mmoja unapiga chafya beti tatu. Waliabudu humo miaka mingi, waume zao wakiwacheka. Halafu wakasema basi, tunajenga. Wakachimba udongo, wakateka maji mtoni, wakafyatua matofali. Mama alifyatua mpaka vidole vyake vikawa na umbo la kibao cha tofali. Ukimpa mkono unahisi umeshika kona ya nyumba. Mafundi wakapandisha kuta, nzuri, zimenyooka.

Mama hakuwa na makuu. Alitaka jambo moja. Alikuwa akilisema anapopepeta mchele, anaposuka nywele za wajukuu: "Nataka nikae ndani ya kanisa letu, mvua inyeshe, iwe nje na mimi niwe ndani. Basi. Hata nikifa jioni yake." Bani lilikuwa linavuja, unaelewa. Miaka yote ile alikuwa akisali na sufuria miguuni.

Matofali yalikuwa mabichi, hayakuchomwa. Kwetu tofali bichi si aibu. Nusu ya Mpanda ilikuwa ya tofali bichi wakati ule, na ilisimama kwa sababu ilikuwa na paa. Ukuta ukishapanda na paa bado, unauvalisha kofia: unalaza matita ya nyasi juu ya ukuta, yananing'inia pande zote mbili kama nywele za mtu aliyetoka kulala, unayakandamiza kwa fito na mawe. Maji yakija yanateleza, yanaangukia mbali na tofali. Ukuta wenye kofia unaweza kungoja paa mpaka mwenye nyumba azeeke. Usio na kofia ukikutana na masika unarudi kuwa tope kama ulivyozaliwa. Hili mtoto wa Mpanda analijua kabla hajajua kuvaa suruali.

Wanawake wakauvalisha ukuta kofia, wakatulia. Ndipo mwakilishi alipoliona kanisa letu. Akasimama kwenye vumbi la Agosti, akashika kifua.

"Hii ndiyo," aliniambia. "Hii ndiyo kabisa. Kama picha ya bibi."

Akaahidi mabati. Ila makao makuu yalikuwa na utaratibu: usharika hauletewi mabati mpaka wafadhili wauone kwa macho, kuta tupu, na mbingu juu. Na zile nyasi zinaharibu.

"Mwambie mama," akasema kwa upole wake, "kwenye picha itaonekana kama paa lipo tayari. Watu wa kwetu hawataelewa."

Nikamwambia mama. Wanawake wakacheka, wakapanda ngazi, wakazivua kofia zote, wakaziweka chini matita kwa matita. Wakadhani ni ya dakika mbili tu, kama mtu anavyovua kofia kumsalimia mkubwa. Mwakilishi akapiga picha zake. Halafu akasema tusizirudishe, maana mkuu wa shirika mwenyewe anakuja mwezi ujao na kamera ya filamu. Liachwe hivi hivi.

"Mwezi ujao kuna mvua?" mama akauliza.

"Mwezi ujao bado kiangazi."

"Haya. Mgeni aje aone."

Mwezi ujao ukaja peke yake. Mkuu alikuwa na mkutano. Ukaja mwingine: mkuu anaumwa mgongo. Habari zilikuwa zinafika kwa redio ya upepo nyumbani kwa mwakilishi, na mimi nazibeba kwa baiskeli mpaka kanisani, na kila nikizifikisha mawingu yamesogea kidogo juu ya vilima.

Siku moja Oktoba, joto limetukaba shingo, baba akatokea kanisani. Baba hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mtu wa porini na mizinga yake, na sala aliyoijua ni kuwaambia nyuki samahani. Alikuja na wenzake wawili warina asali, baiskeli zao hazionekani kwa nyasi mpya, utasema vichuguu vinatembea.

"Msiniombee," akasema kabla hajasalimia. "Sijaokoka. Nimeleta kofia. Mizinga yangu mimi ina mifuniko, na ndani wamo nyuki tu. Nyumba ya Mungu wenu iko kichwa wazi."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Baba watoto, leo umehubiri. Haya, pandisheni."

Ndipo mzee wa kanisa akaja mbio. Huyu alikuwa mtu wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Aliingia nchini kijana, mwaka ule walipoikimbia Burundi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina Kirundi ndani. Mtu wa heshima mpaka inachosha, alikuwa anampisha hata kuku.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba, mikono miwili kifuani. "Asante sana. Ila tuziweke pale pembeni. Wageni wako njiani."

"Njia gani hiyo? Wanatambaa?"

"Wamesema lisiguswe."

"Mvua nayo mmeiambia isiguse?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee wa kanisa hakucheka. Akamvuta baba pembeni, lakini sote tulisikia.

"Mzee, wewe hujawahi kupanga foleni ya mahindi ya kugawiwa. Mimi nimeipanga. Nimeipanga na mtoto mgongoni. Anayegawa akisema simama hapa, unasimama hapa. Akisema usikanyage mstari, hukanyagi. Wapo waliobisha, walikuwa na haki, wallahi walikuwa na haki. Wakarudishwa nyuma. Walipofika mbele wakakuta gunia linakung'utwa. Msiniambie kubisha na mtu anayegawa. Tukiligusa hili kanisa, mabati yanakwenda kwa wengine."

Baba, mtu wa maneno elfu, akafungua kamba ya tita, akaifunga tena. Akatazama chini. Ningekuwa na hasira na yule mzee ingekuwa rahisi kwangu, lakini mtu amefundishwa foleni na njaa, utamfundisha nini wewe?

Mama akasema, "Mzee wetu, foleni ilikuwa ya mahindi. Huu ni ukuta."

"Mama, ni foleni ya mabati. Ni ile ile."

Kanisa zima likanyamaza, na kwetu ukinyamaza umekubaliana na mzee. Mama akanigeukia. "Wewe mwenye Kiingereza, baba. Nenda kamuulize yule mtu. Mwambie mvua hii hapa."

Nilikwenda nikikanyaga baiskeli mpaka mnyororo ukapata moto. Mwakilishi akatoka barazani, akaangalia mawingu. Aliyaangalia kama mtu wa nchi ambayo mvua inapiga hodi kwanza.

"Wameondoka tayari," akasema kwa furaha. "Ni wiki moja tu. Mwambie mama awe na imani."

Nikarudi, nikatoa ujumbe kama ulivyo.

Mama akakung'uta vumbi kwenye khanga yake. "Imani ninayo," akasema. "Kofia ndiyo sina."

Baba na wenzake wakaziacha nyasi pale chini ya ukuta. Alipoondoka hakuaga, na baba kuondoka bila mzaha ilikuwa kama jogoo kukataa kuwika.

Mvua ilikuja siku ya tatu yake, mchana, watu wanakula. Mvua za kwanza za Mpanda hazinyeshi, zinamwagwa. Ukiacha kikombe nje unakikuta Ikola. Nilikuwa stesheni. Niliacha gunia la mtu mlangoni mwa behewa nikakimbia, na nilipofika nikakuta wanawake tayari wako juu ya ngazi, nyasi zimelowa, zinateleza mikononi kama kambale. Upande wa madhabahu walikuwa wamewahi kuuvalisha. Upande wa mlango vilevile. Ukuta mrefu wa mashariki ulikuwa bado, na juu yake, amelala kifudifudi, khanga imetandazwa huku na huku, alikuwapo mama yangu. Amejifanya kofia.

Baba alifika akitokea kwenye mizinga, anapiga kelele toka mbali. "Mama watoto! Shuka! Hujaolewa na huo ukuta!"

"Leta nyasi, acha kuhubiri!"

"Shuka nakwambia, unayeyuka!"

"Mimi si tofali!"

Ukuta haukuanguka kwa kishindo. Uliketi. Ulikaa chini taratibu kama mtu mzee aliyechoka kusimama, na mama akaja nao. Tulimchimbua kwenye tope, mguu umeteguka, midomo imejaa udongo alioukanyaga yeye mwenyewe kwa miguu yake. Baba akambeba. Njia nzima alikuwa anamgombeza, na hakumshusha mpaka nyumbani.

Wageni wakaja baada ya hapo. Safari hii walikuja kweli. Mkuu wa shirika alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini, na machozi ya karibu. Aliposhuka garini akaona ukuta wa mashariki umekuwa chungu ya tope, na kuta nyingine zimevaa nyasi, na mama amekaa kwenye kigoda, mguu umefungwa kwa matambara. Akalia palepale. Mwakilishi akalia. Kwa dakika nzima nilidhani sasa wataelewa.

Mkuu akafuta macho, akanong'ona na mwenye kamera. Kisha akaniambia, "Muulize mama kama anaweza kupanda juu ya kile kifusi. Aangalie mbinguni. Na zile nyasi, kama inawezekana, zitolewe kidogo."

Wenzangu wa shule ya jioni, tulifundishwa vitenzi vyote vya Kiingereza, vya kawaida na visivyo vya kawaida, lakini hakuna aliyetufundisha namna ya kumwambia mama yako maneno hayo. Nikayatafsiri yote, neno kwa neno, kwa kuwa nilitaka ayasikie yalivyo.

Mama akanyoosha mkono, akainuliwa, akajikokota mpaka juu ya kifusi. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Mwenye kamera akafurahi, akaonyesha kidole gumba.

"Muulize," mama akasema, "nikiangalia mbinguni nitaona nini?"

Nikauliza. Mkuu akajibu kwa upole, "Atamwona Mungu anayetoa."

"Mungu simtafuti, tulikuwa naye juu ya ukuta siku ile tunalowa pamoja. Mwambie nataka kuona nyasi. Wakae walikokaa, wapige picha yao, lakini hakuna atakayevua kofia tena katika kanisa hili. Zilizobaki zipandishwe sasa hivi, na wao wakiona."

Mzee wa kanisa alikuwa karibu yangu. Nikamsikia anavuta pumzi. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "foleni."

"Imeisha, mzee wangu," mama akamjibu. Hakumjibu kwa ukali. "Gunia limeshakung'utwa. Angalia."

Yule mzee akaangalia. Akakiangalia kifusi muda mrefu, akamwangalia mkuu wa shirika, yule anayegawa, na mikono yake ilikuwa inatafuta pa kukaa. Halafu akavua koti lake la ibada, akalikunja, akaniwekea begani kama vile mimi ni msumari. Akainama akabeba tita la nyasi. Akaweka ngazi kwenye kona ya ukuta wa kusini, iliyokuwa imebaki wazi, akapanda, mbele ya kamera, mbele ya mkuu, mbele ya ghorofa lote na ndege yote. Kule juu akageuka akauliza, "Mama, kofia niilaze hivi?"

Mama akainua uso, mvua inamtiririka, akamwangalia.

"Izidishe kulia," akasema.

Mwakilishi alikwenda akashika ngazi. Sikumwomba, na hakuna aliyemwambia. Mkuu alirudi garini, kamera isilowe.

Mabati yalikwenda kwa wengine. Mzee wa kanisa alikuwa amesema kweli, mtu anayegawa yeye alimjua vizuri. Tuliambiwa filamu haikutoka vizuri, kulikuwa na watu wanapitapita.

Kiangazi kilichofuata ukuta wa mashariki ulifyatuliwa upya, na safari hii matofali yalichomwa tanuri, moshi wake nadhani ulionekana Kigoma. Baba na warina asali wakaezeka kanisa zima kwa nyasi, nene, zimekatwa ukingoni kama nywele za bwana harusi. Baba akaezeka akitoa masharti toka juu: asiombewe, asiimbiwe, aletewe togwa. Akaombewa, akaimbiwa, akaletewa na togwa.

Ingeishia hapo nisingekuwa na hasira ya kuandika kitabu. Ingeishia kwenye togwa.

Ila mwaka huo mvua zikikaribia, mwakilishi alikuja kuniomba nimsindikize Ikola, wana usharika mpya. Nikaenda, nilikuwa napenda samaki wa kule, migebuka, na yeye nilikuwa bado sijamkatia tamaa, kwa ile ngazi. Tukafika jua linazama ziwani, akina mama wanakusanya dagaa kwenye mikeka. Shuka la kuonyeshea picha likafungwa, jenereta likawashwa, watu wakajaa. Nikaanza: jiko, mapazia ya njano, mguu mfupi wa meza, keki, theluji. Naitafsiri nimelala. Gereji. Ofisi. Ghorofa. Ramani. Rubani anapunga mkono.

Baada ya rubani ikaja slaidi mpya. Mama yangu.

Amesimama juu ya tope, khanga imemgandia mwilini, uso umeinuliwa, maji yanamtiririka. Mzuri, mama wa watu. Ungeapa anaongea na malaika. Nikaangalia juu kulia kwa picha, mahali alipokuwa anatazama, nimtafute mzee wetu na tita lake la nyasi. Hayupo. Picha ilikuwa imekatwa palepale begani mwa mama. Wamemkata mzee wa kanisa, ngazi, nyasi, kona yote ya ukuta, na mwakilishi mwenyewe aliyeshika ngazi wamemkata. Imebaki mbingu.

Mwakilishi akasoma maneno yake kwa Kiingereza, na nilimwona amekodolea karatasi, haangalii shuka: "Hivi ndivyo tulivyowakuta. Hawakuwa na mtu wa kuwasaidia."

Akaningoja nitafsiri.

Nikawaangalia watu wa Ikola. Na nyuma yao, katika mwanga ule wa mwisho, nikaliona kanisa lao. Kuta mpya za tofali bichi, zimenyooka, kichwa wazi. Na chini ya ukuta, matita ya nyasi yamepangwa vizuri sana, matita kwa matita, yanangoja mgeni.

"Nyie watu wa Ikola," nikasema, "huyu ni mama yangu mzazi."

Wakaguna wote kwa pamoja.

"Haangalii malaika. Anamwangalia mzee wa kanisa letu, yuko juu ya ngazi hapa pembeni, wamemkata, anaweka nyasi kwenye ukuta. Mama anamwambia azidishe kulia. Na kabla ya hapo alivunjikiwa na ukuta akiwa amelala juu yake, kwa sababu tuliambiwa tuvue kofia tupendeze kwenye picha. Hakutukuta mtu. Tulikuwepo. Sasa hivi ana paa, la nyasi, aliloezeka baba yangu ambaye hata hajaokoka. Nani amewaambia mvue zile?"

Mwanamke mmoja mbele, ungo wa dagaa bado uko mapajani, akamnyooshea mwakilishi kidole. "Si huyo."

"Basi mvua ipo pale," nikasema, nikaonyesha ng'ambo ya ziwa, ambako radi ilikuwa imeanza kuchezacheza. "Mnafanya nini hapa mnaangalia picha?"

Mwakilishi akanivuta shati. "Mbona tafsiri ni ndefu hivyo?"

"Ndiyo inaanza," nikamwambia.

Alijua Kiswahili cha kutosha kusikia neno kofia. Akakaa kwenye boksi la projekta, masikio mekundu, akaacha jenereta liendelee. Watu wa Ikola walishaanza kuinuka. Waliyabeba matita na kupanda ukutani, na mwanga wa projekta ukawamulika migongo, na mama yangu kwenye shuka akawa anawaangalia.

Sikutafsiri tena baada ya siku ile. Nilirudi kwenye magunia yangu. Naambiwa makao makuu wamebadilisha ile picha ya zamani mlangoni, aliyotumiwa yule bibi, wameweka ya mama yangu kwa kuwa ni ya rangi. Kila asubuhi watu wanapita chini yake na mikoba yao, na siku moja kuna mtu atauliza yule mama yuko wapi, na mtu atakuna sikio na kusema Afrika, sehemu yenye mvua.

Yuko Mpanda. Niliporudi kutoka Ikola ilikuwa Jumapili, mvua imemwagika tangu alfajiri, nikampata kanisani, benchi la ukutani, upande wa mashariki. Nyasi hazipigi kelele kama bati. Mvua ikinyesha juu yake huisikii, unaweza kudhani imekatika. Kwa hiyo mama, huku mahubiri yakiendelea, alikuwa ametoa mkono mmoja nje ya dirisha, kiganja juu, ahakikishe iko huko nje bado.